Niache huduma au nivumilie? Jibu kwa mchungaji aliyechoka

Swali nimelifupisha kidogo, na vitu vya kumtambulisha aliyeuliza nimeviondoa:

"Shikamoo mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Naongoza kanisa dogo, huu ni mwaka wa nane. Tulifika zaidi ya mia moja, sasa hivi Jumapili tuko kama sitini kwa sababu mwaka jana mzee mmoja aliondoka na familia kadhaa wakaanzisha ushirika wao. Wazee waliobaki wamegawanyika, kila kikao ni ugomvi. Mke wangu haji tena ibada za katikati ya wiki, anasema amechoka kukaa na watu wanaonisema. Mimi mwenyewe silali, simu ikiita moyo unaenda mbio, mahubiri naandaa Jumamosi usiku, kuna asubuhi natamani nisingeamka. Rafiki yangu mmoja mchungaji anasema nikiacha nitakuwa nimeshika jembe nikageuka nyuma. Mwingine anasema mbona iko wazi, Mungu amefunga mlango, toka. Nitajuaje kama ni wakati wa kuacha au wa kuvumilia?"

Marahaba mdogo wangu, asifiwe milele.

Naomba nianze na ile sentensi uliyoipitisha haraka haraka katikati, ya kutamani usingeamka. Hiyo inatangulia swali lako lote. Usianze kujiuliza kama ni pepo au ni imani ndogo, nenda hospitali wiki hii na umwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi, usiishie kusema "sipati usingizi" halafu ukapewa vidonge ukarudi nyumbani. Mke wako ajue, na mtu mwingine mmoja unayemwamini ajue. Na ikitokea siku hayo mawazo yakatoka kwenye kutamani usiamke yakawa ni kupanga jinsi ya kufa, usibaki peke yako hata kidogo, mpigie mtu aje mwende hospitali usiku huo huo, mambo ya nani atahubiri Jumapili yatajulikana baadaye. Kingine, daktari akupime na mwili, maana damu ikipungua, au sukari ikiwa haiko sawa, au ile tezi ya shingoni ikifanya kazi chini ya kiwango, mtu anachoka mpaka anadhani wito wake umeisha kumbe ni kitu cha kutibiwa. Sonona, yani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, nayo inatibika, na wachungaji wanaipata kama watu wengine wote.

Unamkumbuka nabii Eliya chini ya mti wa mretemu, 1 Wafalme 19. Aliomba afe. Mungu hakumpa somo la uvumilivu wala hakumwambia ajiuzulu, alimwacha alale, malaika akamwamsha akala, akalala tena, akaamshwa akala tena, halafu akatembea siku arobaini mpaka Horebu na kule ndo akaulizwa "unafanya nini hapa, Eliya?" Yani swali la huduma lilikuja mwisho kabisa, baada ya chakula na usingizi na safari ndefu ya peke yake. Wewe unataka kulijibu kwanza, tena saa nane za usiku.

Sasa hao marafiki zako wawili. Naamini wanakupenda, ila wote wanafanya kosa moja, wanasoma ugumu kama vile ni barua kutoka mbinguni. Mmoja anaona ugumu anasema ni jaribu, kaza mwendo. Mwingine anaona ugumu ule ule anasema ni mlango umefungwa, ondoka. Na we uko katikati unavutwa huku na huku kwa sababu ugumu peke yake hausemi chochote, unaweza kuusomea upande wowote unaotaka.

Mwangalie Paulo. Akiwa Efeso anawaandikia Wakorintho (1 Wakorintho 16:8-9) kwamba atabaki pale mpaka Pentekoste, maana amefunguliwa mlango mkubwa na wanaompinga ni wengi. Anavitaja vyote viwili kwa pumzi moja, mlango umefunguka na watu wanapinga, na anabaki. Halafu baadaye anafika Troa, mlango umefunguliwa na Bwana mwenyewe, upinzani wala hautajwi, na anaondoka! Sababu? Hakumkuta Tito, nafsi yake ikakosa raha, akawaaga akaenda Makedonia (2 Wakorintho 2:12-13). Hamna ndoto hapo, hamna unabii, hamna malaika. Angefanya hivyo mtumishi wa siku hizi tungemsema kwamba ameacha watu wenye njaa ya Neno kwa sababu ya hisia zake, lakini yeye anaiandika bila kujitetea na mstari unaofuata anamshukuru Mungu. Kwa hiyo mtu akikwambia upinzani ni ishara, muulize ishara ya nini, na akikwambia mlango ukiwa wazi ni lazima ukae, muulize habari za Troa.

Na huo mstari wa jembe, Luka 9:62, naona unatumika kuwatisha watumishi kuliko karibu mstari mwingine wowote. Yesu alikuwa anaongea na watu waliokuwa wanasitasita kumfuata, huyu alitaka kwanza akawaage wa nyumbani kwake. Ni habari ya kumfuata Yesu. Haihusu kiti cha mchungaji kiongozi wa kanisa fulani. Mtu anaweza akaacha uchungaji na akaendelea kumfuata Bwana vizuri tu, na mwingine akang'ang'ania madhabahu miaka thelathini huku moyoni alishageuka nyuma siku nyingi, na sote tunawajua wa namna hiyo ingawa hatuwataji.

Turudi kwenye uchovu kidogo kwa sababu una tabia moja mbaya. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliueleza huu uchovu wa kazi uliopitiliza kwa mambo matatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi mpaka unaiona vibaya na kuidharau, na kujiona huna tena ufanisi. Sasa chukua hayo matatu uyapeleke kanisani uone yanavyojificha. Nguvu kuisha utaiita vita vya kiroho. Moyo kujitenga utasema "Mungu ameniondolea mzigo wa hawa watu", maana kweli ukiona jina la mshirika kwenye simu unasikia kichefuchefu, na zamani ulikuwa unamlilia huyo huyo kwenye maombi. Na kujiona huna ufanisi utasema "upako umehama". Kila kimoja kinavaa nguo ya kiroho kinakuja kama ufunuo kwamba uondoke. Inawezekana kweli Mungu anakuondoa, sikatai, ila huwezi kujua ukiwa kwenye hiyo hali kwa sababu uchovu na ufunuo kwa ndani vinafanana mno.

Ignatius wa Loyola, yule aliyeanzisha shirika la watawa Wakatoliki wanaoitwa Wajesuiti karne ya 16, alikuwa na kanuni ambayo hata sisi tusio Wakatoliki ingetufaa sana: ukiwa kwenye kipindi cha giza na ukavu wa roho usibadilishe uamuzi uliouweka ulipokuwa na amani. Baki kwanza na ule uamuzi wa mwanzo, giza lipungue, ndo uamue. Mi naipenda hiyo kanuni ila naiwekea mpaka, maana kuna watumishi wanaitumia kukaa palepale miaka na miaka, kila wakifikiria kuondoka wanasema bado niko kwenye giza ngoja litoke, na giza halitoki kwa sababu mahali penyewe ndo panalileta. Wazee wetu walituachia mvumilivu hula mbivu na wakatuachia pia ngoja ngoja huumiza matumbo, na walijua kwa nini walituachia zote mbili.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kufanya sio kuamua, ni kuomba likizo. Likizo ya kweli, wiki nne mpaka sita kama inawezekana, mtu mwingine ahubiri, mtu mwingine azike na afungishe ndoa, na wewe utoke kwenye grupu la WhatsApp la kanisa kwa huo muda, usiseme utakaa humo bila kusoma, tutakuona una tiki za buluu. Waambie wazee wazi kwamba daktari amesema au mwili umekataa. Na hapa utajifunza kitu: jinsi watakavyolipokea ombi lako ni habari muhimu kuliko ndoto zote utakazoota. Kanisa ambalo limegawanyika lakini likasikia mchungaji wao anaumwa likasema nenda baba pumzika tutashika hapa, hilo lina uhai bado. Kanisa ambalo litasema mchungaji hawezi kupumzika kwa sababu shetani hapumziki, basi, umeshajua unafanya kazi na watu gani.

Weka na tarehe. Yani kabla ya likizo mwandikie mkeo karatasi kwamba mwisho wa mwezi fulani, miezi mitatu minne baada ya kupumzika, tutakaa tuamue. Usiku wa leo ukianza kubishana na nafsi yako iambie tarehe bado. Inasaidia kuliko unavyodhani.

Halafu kuna kitu umekichanganya kwenye swali lako, na wengi wanakichanganya. Unaposema "kuacha" unamaanisha kuacha nini hasa? Kuacha hilo kanisa? Kuacha uchungaji? Kuacha huduma kabisa? Maana wito na nafasi uliyokaa ni vitu viwili. Nikupe mfano wa wamisionari wawili wa Kijerumani unaowajua kwa majina. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, ndani ya miezi michache akamzika mke wake Rosina na mtoto wao mchanga, na akabaki. Mwaka 1846 akaungana naye Johannes Rebmann wakaanzisha kituo cha misheni Rabai, karibu na Mombasa. Mwaka 1853 afya ya Krapf ikamshinda, akaondoka. Rebmann akabaki, akabaki, mpaka 1875, akaondoka akiwa kipofu na mwaka uliofuata akafariki. Sasa kwenye semina za umisheni Krapf anahubiriwa sana lakini mahubiri huwa yanaishia pale makaburini 1844, watu wanaambiwa mnaona huyo, hakurudi nyuma. Hawafiki 1853. Wangefika wangelazimika kueleza kwamba huyo huyo shujaa wa uvumilivu kuna siku alifungasha akaondoka kwa sababu ya mwili wake, na mwenzake kwenye kazi ile ile, shirika lile lile, kijiji kile kile, hakuondoka. Nani alitii? Mi naona wote. Krapf akiwa Ujerumani aliendelea na kazi ya lugha, mwaka 1862 alirudi kwa muda kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi yao pwani, na kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Nafasi aliiacha. Alichoitiwa hakukiacha.

Basi jiulize kwa utaratibu. Ukiwaza kulisha watu Neno, bila kuwaza hilo kanisa, bila kuwaza wazee, moyo unasemaje? Kama bado kuna kitu kinawaka hata kidogo, kama Yeremia aliyeapa kunyamaza halafu akakuta moto kwenye mifupa (Yeremia 20:9), basi tatizo lako huenda liko kwenye nafasi au kwenye namna unavyofanya kazi. Kama hata hilo halina ladha, na umeshapumzika na kutibiwa, hapo tunaongea habari nyingine, na hata hiyo haina aibu.

Namna ya kufanya kazi nimeitaja kwa makusudi. Hesabu 11, Musa anamwambia Mungu siwezi kuwabeba watu hawa peke yangu, kama ndo hivi uniue tu. Maneno mazito kuliko ya kwako. Mungu hakumwondoa, na hakumwambia vumilia vile vile ulivyokuwa unavumilia. Aliwachukua wazee sabini akagawanya mzigo. Hapo hakukuwa na kuacha wala kuvumilia, kulikuwa na kubadilisha mpangilio. Sasa we unahubiri kila Jumapili, mahubiri unaandaa Jumamosi usiku, maana yake Jumatatu mpaka Ijumaa inaliwa na vikao na kusuluhisha watu na misiba na simu. Kwa kanisa la watu sitini hiyo ni dalili kwamba kila kitu kinapita mkononi mwako. Kabla hujabwaga manyanga jiulize kama kuna mtu yeyote pale alishawahi kukabidhiwa kitu na kuachiwa akifanye hata kama anakifanya vibaya kuliko wewe. Ukweli mchungu ni kwamba wengi wetu tunalalamika kubeba peke yetu na mtu akinyoosha mkono kupokea tunamnyang'anya.

Unataka kujua sasa mi huwa naangalia nini, kama ugumu sio kipimo. Kikubwa kabisa naangalia hiyo kazi inamfanya mtumishi kuwa mtu wa namna gani. Kuna mateso yanamfanya mtu awe mpole zaidi, aombe zaidi, aelewe waliovunjika, hata kama analia. Mtu wa hivyo huwa namwambia kaa kidogo. Na kuna mateso yanamfanya mtu awe mwongo, anaanza kukuza idadi ya waumini akiulizwa na wenzake, anahubiri mafumbo ya kumchoma mzee fulani aliyekaa kiti cha mbele, anafurahi akisikia waliohama wamepata shida, ana maisha ya pili kwenye simu ambayo mkewe hayajui. Huyo akiendelea kukaa ataumia na ataumiza. Jipime hapo, na usijipime peke yako, mwulize mkeo swali moja, "mimi wa sasa na mimi wa miaka mitano iliyopita, ungependa kuishi na yupi?" halafu unyamaze usijitetee.

Maana mkeo tayari ameshaanza kukujibu. Umeandika kwamba haji tena ibada za katikati ya wiki kama vile ni tatizo mojawapo kwenye orodha. Kwangu mimi hiyo inapita kupungua kwa watu arobaini. Paulo anamwambia Timotheo mtu asiyeweza kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu, na sisi tumeugeuza huo mstari kuwa fimbo ya kuwanyoosha wake na watoto wetu wakae vizuri mbele ya kanisa, wakati mwenye kuulizwa pale ni wewe. Mama mchungaji anasikia yanayosemwa kwenye kikundi cha akina mama ambayo wewe hutayasikia kamwe. Mpe nafasi aseme yote, na kama anasema tuondoke usimjibu kwa andiko.

Kingine naangalia kama kuna kazi iliyobaki ambayo ni ya kwako. Saa nyingine mtumishi amemaliza. Walawi walikuwa wanaacha kazi nzito ya hema wakifika miaka hamsini (Hesabu 8:24-26), wanabaki kuwasaidia ndugu zao, na hakuna aliyewaita wasaliti. Papa Benedict XVI mwaka 2013 alisema nguvu zake hazitoshi tena akang'atuka, kitu ambacho hakikuwa kimefanyika kwa karibu miaka mia sita. Kwako sidhani kama ni hapo, ila nakutajia ujue kumaliza kupo.

Na uliza watu watatu. Wasiwe washirika wako, wasiwe wale wanaokuhitaji ubaki ili mambo yao yaende, na wasiwe wale wanaotaka hicho kiti. Wakisema kitu kimoja wote watatu bila kupangana, kichukulie kwa uzito kuliko unabii wa mtu aliyekutana nawe mara moja kwenye mkutano.

Zipo hali ambazo hazihitaji haya yote. Kama kuna dhambi ya zinaa au pesa za kanisa umezila, acha leo, nenda kwa walio juu yako ukaseme mwenyewe, hayo mambo ya kupambanua mapenzi ya Mungu ni kupoteza muda. Kama unalazimishwa kufunika wizi, au kufunika mtu anayedhuru watoto au mabinti, usikae kimya ukiita uvumilivu, toa taarifa kwa vyombo vya sheria hata ikigharimu nafasi yako. Na kama unapigwa vita mpaka usalama wa familia uko hatarini, Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wakiwafukuza mji huu kimbilieni mwingine (Mathayo 10:23). Hujaandika chochote cha namna hii, ila wanaosoma ni wengi.

Utasikia pia habari ya Charles Simeon, mchungaji wa Kianglikana wa Uingereza, huwa haikosi kwenye mada hii. Aliwekwa kwenye kanisa la Holy Trinity pale Cambridge mwaka 1782, waumini hawakumtaka, wenye viti vyao wakavifunga kwa kufuli ili watu wasikae wakamsikiliza, na yeye akakaa mpaka alipokufa 1836, miaka hamsini na nne. Ni kweli na ni habari nzuri. Ila wanaoisimulia huwa wanasahau kusema kwamba Simeon hakuoa, alikuwa na makazi yake chuoni King's, mkate wake haukutegemea wale waliofunga viti. Hakukuwa na mama mchungaji anayelia chumbani. Sisemi kwamba mwenye familia hawezi kuvumilia, nasema usichukue uvumilivu wa mtu bila kuangalia alikuwa amesimamia nini.

Ambayo inatuleta kwenye pesa, na najua hujaiandika kwa sababu sisi watumishi tunaona aibu kuitaja. Kama nyumba mnayokaa ni ya kanisa na ada za watoto zinatoka kwenye posho ya kanisa, basi sehemu ya "kuvumilia" kwako ni hofu ya kukosa pa kulala. Si dhambi, ila iite jina lake. Mtume Petro anasema kundi lichungwe kwa hiari, si kwa kulazimishwa, na njaa nayo inalazimisha. Nakushauri anza kujenga njia nyingine ya kipato hata ukiamua kubaki, ufundi, ualimu, biashara ndogo, chochote, Paulo alishona mahema, kwa sababu mtu anayeweza kuondoka ndo anaweza kubaki kwa moyo safi na kusema ukweli kwenye kikao bila kutetemeka.

Tuseme tarehe imefika na umeona ni kuondoka. Ondoka vizuri. Usitangaze madhabahuni kwa hasira, usitangaze kabla wazee na viongozi wa dhehebu lako hawajajua, toa muda wa kutosha watu wapatikane. Kabidhi vitabu vya hesabu, jina lako litoke kwenye akaunti ya benki, funguo, hati, na huo uadmini wa grupu. Samweli alipokuwa anaachia uongozi alisimama mbele ya watu akauliza nimetwaa ng'ombe wa nani, nimemdhulumu nani, nitawarudishia (1 Samweli 12:3), wakasema hujatudhulumu. Jiandae kuuliza swali hilo na upokee majibu. Usiondoke na familia zako kumi kwenda kuanzisha la kwako mtaa wa pili, umeshaona hiyo kitu inavyouma. Na ukishatoka, toka, usipokee simu za kumsema mchungaji mpya. Watu watakuuliza kwa nini, sema ukweli mfupi, nilichoka na afya yangu ilidai, inatosha, huna haja ya kusingizia Mungu kitu ambacho hakukisema.

Tuseme umeona ni kubaki. Basi usibaki kwenye kazi ile ile kwa namna ile ile, maana mwakani utaniandikia barua hii hii. Nenda kwa wazee na masharti machache ambayo hayana ugomvi: siku moja ya wiki simu inazimwa, mahubiri unagawana na wengine, vikao vina mwenyekiti mwingine siyo wewe kila mara, na mgogoro wa wazee unaletewa msuluhishi kutoka nje, mtu ambaye pande zote zinamheshimu. Wakikubali kwa maneno subiri uone kwa vitendo miezi kadhaa. Idadi ya watu iache kwanza. Sitini ni watu wengi, unaweza kuwajua wote kwa majina na kujua nani anaumwa.

Huyo mzee aliyeondoka, mtafute. Sio kumrudisha na sio kumwambia alivyokosea, na ukienda usibebe orodha. Paulo na Barnaba walishindana vikali mpaka wakatengana kwa sababu ya Marko aliyewaacha njiani (Matendo 15), na miaka baadaye Paulo huyo huyo anaandika kutoka kifungoni aletewe Marko maana anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Ila usiende sasa hivi ukiwa hujalala. Nenda ukitoka likizo, uwe na mtu wa tatu, na kama akikataa kukuona umeshafanya sehemu yako.

Jumapili hii usitangaze kitu chochote. Tafuta mtu akuhubirie, hata mwinjilisti au kijana yule unayeona hajaiva, na we ukae na mkeo kwenye benchi la nyuma. Jumatatu asubuhi, hospitali. Ukishaonana na daktari niandikie, na mama akitaka kuandika ya kwake, aandike pia, nitamjibu peke yake.